Laptopu inahema ukifungua folda? Usikubali ifomatiwe kwanza

Si unajua ile sauti? Laptopu imetulia zake mezani, unabonyeza folda moja tu, halafu feni inaanza kulia kama bodaboda iliyopakia watatu ikipanda mlima kutoka Kombani kwenda Kwale mjini. Kiduara cha bluu kinazunguka. Unajaribu kubonyeza pale chini kwenye upau wenye saa, nao umeganda. Ukifungua Task Manager kwa kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, juu kabisa ya orodha unakuta jina ambalo hukulitarajia: Windows Explorer. Si mchezo wa kompyuta, wala si programu ya kuhariri video. Ni ile ile ya kufungulia folda, imeikamata prosesa na haiachii.

Kwa mtu anayetumia kompyuta kutazama filamu, hiyo ni kero tu. Lakini ukanda huu wetu wa kusini, kutoka Ukunda na Diani hadi Msambweni na Lunga Lunga, laptopu ya vijana wengi ndiyo duka lao. Kuna wanaopiga picha za harusi na za wageni ufuoni. Kuna wenye saiba, ambao Juni 30 ikikaribia foleni inafika nje kwa sababu kila mtu amekumbuka ghafla kwamba hajawasilisha ripoti yake ya ushuru kwa KRA. Kuna mwanafunzi ambaye utafiti wake wa mwaka mzima umo humo humo. Na mashine ikifikishwa kwa fundi, mara nyingi jibu hutoka kabla hata hajaiwasha: "Hii tuifomati tu, tuweke Windows mpya."

Usikubali upesi hivyo. Kufomati kunafuta diski, na mara nyingi tatizo hili halitokani na Windows yenyewe. Utaweka Windows mpya, utarudisha folda zile zile na programu zile zile, na baada ya wiki feni inalia tena. Tofauti ni kwamba sasa picha za bibi harusi wa watu zimepotea. Ukweli ni kwamba mara nyingi kuna mgeni mmoja ndani ya Explorer anayemsumbua mwenye nyumba, na huyo anatafutika.

Mwenye nyumba mwenyewe ni nani

Mwaka 1990, Windows 3.0 ilikuja na programu ndogo iliyoitwa File Manager. Kazi yake ilikuwa moja tu, kuonyesha na kupanga faili. Windows 95 ilipotoka Agosti 1995, mrithi wake, Explorer, alikabidhiwa nyumba nzima: folda, ule uso wa kompyuta wenye ikoni, upau wa chini na menyu ya Start. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 dirisha la folda linaitwa File Explorer, lakini nyuma ya pazia faili ni ile ile, explorer.exe. Ndiyo maana folda moja ikikwama, saa na upau wa chini navyo vinaganda, ukadhani kompyuta nzima imekufa.

Hapo pia ndipo ilipo nafuu yako ya kwanza. Ndani ya Task Manager, bonyeza Windows Explorer kwa kitufe cha kulia cha kipanya kisha uchague "Restart". Skrini itapepesa, upau utapotea kidogo na kurudi. Barua uliyokuwa ukiandika kwenye Word haiguswi, manake hiyo ni programu nyingine. Ila kama ulikuwa unanakili faili kutoka kwenye kadi ya kamera, subiri zimalizike, kwa sababu kunakili ni kazi ya Explorer huyo huyo na utaikata katikati.

Ikitulia na ikaendelea kutulia, basi, endelea na kazi zako. Ikipanda tena kila unapofungua folda fulani, tayari umepata fununu.

Soma ile namba

Watu wengi huona asilimia na kuogopa tu. Hebu itazame vizuri, inasema mengi. Kwenye Task Manager, upande wa "Performance", kuna mstari unaoitwa "Logical processors". Hizo ndizo njia ambazo prosesa yako hufanyia kazi. Kama ni nne, kazi moja iliyokwama kwenye mzunguko usioisha itakula njia moja nzima, nayo Explorer itaonekana imekaa kwenye asilimia 25 hivi, haipandi wala haishuki. Zikiwa mbili, itakaa kwenye 50. Zikiwa nane, 12 na ushee. Namba iliyoganda namna hiyo kwa dakika kumi ina maana kuna kitu kimekwama, na kusubiri hakusaidii.

Namba inayopanda na kushuka ni habari nyingine. Ina maana kazi kweli inafanyika. Umefungua folda yenye picha 3,000 kwa mara ya kwanza? Mwache amalize, nenda kanywe madafu.

Na tazama pia safu ya diski iliyo kando. Ikiwa prosesa iko chini lakini diski imekaa kwenye asilimia 100 huku folda zinafunguka kwa kusuasua, huenda diski yenyewe imezeeka. Huo ni ugonjwa tofauti na wa hatari zaidi. Acha majaribio yote, nakili vitu vyako leo.

Vijipicha vinavyokula mashine

Sasa tufike kwenye chanzo ambacho kwa vijana wa kamera ni cha kuangaliwa kwanza. Ukifungua folda, Explorer haonyeshi majina tu. Anafungua kila picha na kila video, anatengeneza kijipicha chake kidogo na kukiweka akiba. Picha ya kawaida inampita haraka. Video ndiyo shughuli, kwa sababu lazima aite kodeki, yaani programu ya kuifumbua video, ili apate fremu moja ya kukuonyesha.

Tuseme umeshinda Galu ukiwarekodi wanaocheza kaiti. Upepo mzuri, maji safi, betri ya kamera ikazima katikati ya rekodi. Au uliichomoa kadi kabla kamera haijamaliza kuandika. Kamera nyingi zinapotengeneza faili ya MP4 huandika picha na sauti kadiri zinavyokuja, lakini ule ukurasa wa faharasa unaosema nini kiko wapi huandikwa mwishoni, unapobonyeza kusimamisha. Rekodi ikikatika, unabaki na faili ya gigabaiti kadhaa isiyo na faharasa. Kodeki nyingine zikiikuta faili kama hiyo hukata tamaa mara moja. Nyingine huingia ndani zikatafuta, zikatafuta, zisitoke. Jina linaloandikwa kwenye Task Manager ni la Explorer, masikini, ilhali aliyepotea ni kodeki.

Dalili zake? Faili ni kubwa lakini haionyeshi ina dakika ngapi, na kichezeshi cha video kinakataa kuifungua. Nyingine, ambayo wengi huiona na kuipuuza: unataka kuifuta au kuihamisha, unaambiwa haiwezekani kwa sababu imefunguliwa na Windows Explorer. Wewe hujaifungua popote! Aliyeifungua ni huyo anayetafuta kijipicha.

Jaribio ni hili. Fungua folda yoyote iliyo salama, nenda kwenye "Options", sehemu ya "View", na utie alama kwenye "Always show icons, never thumbnails". Washa Explorer upya, halafu rudi kwenye ile folda sumbufu. Kama sasa inafunguka kwa utulivu, umeshajua: kuna faili mbovu humo. Tengeneza folda nyingine, hamishia nusu ya faili, rudisha vijipicha, uone ni nusu ipi inayolia. Igawe tena hiyo nusu. Hata folda yenye faili 1,000 haizidi migawanyo kumi kabla hujafika kwenye faili yenyewe. Kama zipo video chache tu, anza na hizo uokoe muda.

Ukiipata, usiifute kwa hasira. Ipo programu ya bure inayoitwa Untrunc, ambayo huchukua video nzima iliyorekodiwa kwa kamera ile ile na mipangilio ile ile, ikaitumia kama kielelezo cha kujenga upya faharasa iliyokosekana. Haifaulu kila mara. Lakini kama mteja wako alisharudi kwao Ujerumani na hawezi kurudia ile ruka yake ya juu ya maji, utashukuru kwamba faili ipo.

Kuna wakati faili zote ni nzima lakini akiba ya vijipicha ndiyo imeharibika. Fungua "Disk Cleanup", tia alama kwenye "Thumbnails" pekee, toa alama kwingine kote, ufute. Picha zako hazipotei, vinavyofutwa ni vile vijipicha vya akiba tu. Mara ya kwanza ukifungua folda baada ya hapo feni italia tena, usishtuke, anavitengeneza upya.

Downloads ya saiba

Nyinyi wenye saiba za Ukunda na Msambweni, shida yenu huwa kwingine kidogo. Fungua Downloads ya mashine ya kaunta. Vitambulisho vilivyoskaniwa, vyeti vya PIN, picha za pasipoti, fomu za HELB, stakabadhi za eCitizen, miaka miwili yote imo. Windows ikiona picha nyingi mahali pamoja inaweza kuichukulia folda hiyo kuwa ya picha, na hapo inasoma tarehe na vipimo vya kila faili kabla haijakuonyesha orodha. Ndo ile unafungua Downloads, mstari wa kijani unatambaa pale juu taratibu, na mteja amesimama anakutazama.

Dawa yake ni ya dakika moja. Bonyeza folda ya Downloads kwa kitufe cha kulia, chagua "Properties", kisha "Customize", na pale palipoandikwa "Optimize this folder for" weka "General items". Uso wa kompyuta pia ni folda kama folda nyingine, kwa hivyo ikoni 200 zilizojazana juu ya picha ya ufuo nazo ni mzigo wa Explorer kila unapowasha mashine.

Na kwa nini vitambulisho vya watu vimebaki humo hata hivyo? Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu 2019. Mteja akimaliza, futa faili yake mbele yake. Utapata folda nyepesi, na yeye ataondoka na amani.

Wageni wanaoishi ndani

Bonyeza faili yoyote kwa kitufe cha kulia uone menyu inayotokea. Hayo maneno ya kufunga faili kwa WinRAR, kuipima virusi, kuituma kwenye hifadhi ya mtandaoni, hayakuletwa na Explorer. Kila programu uliyoweka ilijipenyeza hapo. Programu hizi-nyongeza huishi ndani ya Explorer mwenyewe, zinakula sahani moja naye, na moja ikikosea dhambi inaandikwa kwa jina lake. Dalili yake ni kwamba tatizo halina folda maalum: popote unapobonyeza kitufe cha kulia, mashine inaganda.

Kabla ya kutafuta ni nani, hakikisha kwanza ni mgeni. Shikilia Shift huku ukibonyeza "Restart" kwenye menyu ya Start, ufuate njia hadi Safe Mode. Hapo Windows inawaka bila programu nyingi za nje. Explorer akitulia katika hali hiyo, Windows yako ni nzima na hakuna sababu ya kuifomati. Ni sentensi hiyo ya kumwambia fundi.

Kumtoa mgeni kuna njia mbili. Ya kwanza ni ShellExView, programu ndogo ya bure ya Nir Sofer. Inaorodhesha nyongeza zote. Unaficha za Microsoft, unazima nusu ya zilizobaki, unawasha Explorer upya, unajaribu. Ni mchezo ule ule wa nusu kwa nusu. Kuzima si kuondoa, kwa hivyo ukizima isiyo na kosa unairudisha tu.

Ya pili ni Process Explorer ya Mark Russinovich, jamaa ambaye kampuni yake ilinunuliwa na Microsoft mwaka 2006 na zana zake zikaendelea kutolewa bure. Haihitaji kusakinishwa. Unabonyeza explorer.exe mara mbili, unafungua sehemu ya "Threads", na kule juu unaona ni uzi upi wa kazi unaokula prosesa na umetoka kwenye faili gani ya DLL. Likiwa jina la programu unayoijua, umemkamata. Isasishe programu hiyo kwanza, ikikaidi, iondoe.

Je, ni Explorer kweli?

Swali hili si la kuchezea hasa kama flashi za watu huingia kwenye mashine yako kutwa nzima. Kwenye Task Manager, bonyeza jina la Windows Explorer kwa kitufe cha kulia na uchague "Open file location". Explorer wa kweli anakaa ndani ya C:\Windows. Ipo nakala yake halali kwenye SysWOW64 pia. Ukipelekwa kwenye Temp, au kwenye AppData, huyo si Explorer, ni mwizi aliyevaa sare.

Wapo wajanja zaidi. Programu za kuchimba sarafu za kidijitali kwa siri hutumia prosesa yako kumtajirisha mtu mwingine, na baadhi yake husimama mara tu unapofungua Task Manager. Kwa hivyo kama feni inalia, ukifungua Task Manager inanyamaza, ukiifunga inaanza tena, usiseme mashine ina majini. Fungua Windows Security na uendeshe upimaji wa "Microsoft Defender Offline". Mashine itajizima na kupimwa kabla Windows haijaamka. Kwa kawaida ni kama robo saa.

Vile vijiprogramu vya kuamsha Windows bila kulipia, vinavyopitishwa kwa flashi mkono kwa mkono, ni mojawapo ya milango ya wageni hao. Na virusi vya flashi vinavyogeuza folda zako kuwa njia za mkato bado vipo. Mara nyingi folda zenyewe hazijafutwa, zimefichwa tu. Kama flashi ni E, ukishaisafisha virusi fungua Command Prompt, uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* na zitajitokeza.

Joto letu

Hili halianzishi ugonjwa lakini hulifanya jambo dogo kuwa kubwa. Prosesa ikipata joto sana hupunguza kasi yake yenyewe ili isiungue. Kwa nyingi za Intel mpaka huwa karibu nyuzi 100. Sasa weka laptopu juu ya godoro mwezi wa Februari, kaskazi imekauka, vumbi limeziba feni, na chumvi ya bahari imeingia kila pahali. Kazi ya Explorer ya sekunde tano inachukua ishirini. Iweke mezani, mwambie fundi apulize vumbi. Hiyo ndiyo kazi ya kumlipa.

Ukishajaribu yote na Explorer bado anahangaika hata kwenye Safe Mode, hapo ndo tunashuku faili za Windows. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, isubiri imalize, kisha sfc /scannow. Ya kwanza huweza kupakua faili kutoka Microsoft, kwa hivyo uwe na bando.

Na ikibidi kufomati kweli, maana wakati mwingine inabidi, vitu vyako vitoke kwanza. Usimtumie Explorer aliyekwama kuvinakili. Kwenye Task Manager mzime kabisa kwa "End task", kisha chagua "Run new task", andika cmd, na kwenye dirisha jeusi linalofunguka utumie robocopy, ambayo imo ndani ya Windows tangu Vista. Kama picha ziko D na diski ya nje ni F:

robocopy D:\Harusi F:\Harusi /E /R:1 /W:1

Hiyo /E inabeba folda zote za ndani. Zile mbili za mwisho usizisahau, kwa sababu bila hizo robocopy ikikuta faili mbovu hujaribu tena mara milioni moja, na kila jaribio husubiri sekunde 30. Ikimaliza itakuandikia jedwali la ngapi zimepita na ngapi zimeshindwa. Lisome hilo jedwali, fungua picha chache kwenye kompyuta nyingine, ndipo umkabidhi fundi mashine.